Kangaga la kotimiri: shajara ya kulikuza kutoka kwenye spora

Mmea wenyewe ni Cryptogramma crispa, kangaga dogo la milima ya Ulaya. Waingereza wanalifananisha na kotimiri kwa jinsi majani yake yalivyochanikachanika, na ukiliona kwa mbali ungedhani mtu kamwaga mboga kwenye mawe. Linaota Wales, Scotland, Cumbria, Alps, Pyrenees hadi Skandinavia, kwenye miteremko ya mawe yaliyomomonyoka ambako theluji hukaa muda mrefu. Majani hufa kila majira ya baridi, shina likabaki limelala chini ya mawe mpaka joto lirudi. Halitaki chokaa. Hilo la chokaa nililisoma siku ya kwanza kabisa, nikalipita kama mtu anavyopita kibao cha "usikanyage majani".

Naandika kila hatua inapokwisha. Gharama ni kwa pauni.

17 Januari 2021, Lewisham, London

Nimepanda leo. Spora, chembe ambazo kangaga huzaana kwazo badala ya mbegu, nimezipata kupitia mpango wa kugawana wa British Pteridological Society, chama cha wapenzi wa makangaga kilichoanzishwa Kendal mwaka 1891. Zilikuja kwenye bahasha ya karatasi, vumbi la manjano ambalo ukipiga chafya limekwisha.

Vifaa: trei yenye kifuniko kinachopitisha mwanga (6), mfuko wa mboji ya kawaida ya bustani (7), taa ya LED (18). Nimeimwagia mboji mara mbili maji yaliyochemka ili kuua mbegu na wadudu, nikaacha ipoe, nikanyunyiza spora na kufunika. Spora hazifukiwi, zinahitaji mwanga. Joto la chumba ni nyuzi 18.

9 Mei 2021

Zimekufa zote.

Wiki ya tano uso wa mboji ulikuwa umeanza kuwa kijani, na kufikia mwisho wa Machi niliona kwa lenzi vijani vidogo vyenye umbo la moyo, vya milimita mbili tatu. Hivyo ndivyo prothali: hatua ya katikati kati ya spora na kangaga lenyewe, yenye mbegu ya kiume na ya kike. Nikafurahi mapema. Aprili ikaja na utando mweupe juu ya mboji, kama chumvi iliyokauka kwenye shati la mvuvi. Mioyo ikageuka kahawia kuanzia kingoni. Nikadhani kiu, nikazidisha maji. Nikadhani njaa, nikatia mbolea kidogo. Kila nilichoongeza kiliharakisha msiba.

Jumapili nikampigia baba mdogo, yuko Marangu. Baada ya shikamoo na habari za ng'ombe, nikamwonyesha trei kwa kamera.

"Hayo makangaga si ndiyo tunayoyafyeka kando ya mfongo?" akauliza.

Nikamweleza kwamba hili ni la Ulaya, ni la milimani, ni tofauti.

"Haya. Na maji unayatoa wapi?"

"Bombani, baba."

"Bomba linatoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwetu hakuna asiyejua maji yake yanatoka wapi: mfongo, mfereji wetu wa kuleta maji kutoka mlimani, una kichwa, una zamu, una watu wa kuuzibua. Nilipokata simu nikafungua birika la chai na kulitazama ndani. Tumbo lake lote limejaa ukoko mweupe. Maji ya London ni magumu, yamepita kwenye miamba ya chokaa kabla ya kufika kwangu. Kuyachemsha kunaangusha sehemu ya chokaa hiyo, ndiyo huo ukoko wa birika, ila nyingine inabaki. Basi kwa miezi mitatu nilikuwa nikilimwagia chokaa kangaga linalokufa kwa chokaa.

Halafu nikasoma nyuma ya mfuko wa mboji. Nayo imetiwa chokaa, maana mimea mingi ya bustani huipenda. Nilimpa mgonjwa sumu kwenye kikombe na kwenye sahani.

Hasara hadi sasa: 31, na miezi minne. Taa na trei zinabaki.

3 Oktoba 2021, Manchester

Kazi imenihamisha. Wiki ya kwanza nilinunua pipa la kukinga mvua (35), kwa sababu niliapa sitarudi bombani. Wiki ya pili ndipo nikanunua vijikaratasi vya kupima ugumu wa maji (8). Ningeanza na vijikaratasi pipa lingebaki dukani. Maji ya bomba hapa yamepima chini kabisa kwenye kipimo, na birika halina ukoko.

Safari hii niliuliza bomba linatoka wapi. Sehemu kubwa ya maji ya Manchester hutoka milima ya Cumbria. Mojawapo ya vyanzo ni ziwa Thirlmere, na mfereji wake ulifunguliwa mwaka 1894: maili 96, kama kilomita 154, na maji yanashuka njia nzima kwa mteremko tu, bila pampu. Nimemtumia baba mdogo ujumbe kwamba Waingereza nao wana mfongo. Amejibu: "Nani anauzibua?"

Juu ya Thirlmere kuna mlima Helvellyn, na kwenye mawe ya milima hiyo ndiko kangaga hili linakoota porini. Kwa hiyo maji ya bombani kwangu yanatoka kwao.

14 Novemba 2021

Upandaji wa pili, trei mbili, A na B. Mabadiliko:

Mboji ni ile isiyo na chokaa, inayouzwa kwa wenye azalea na bluberi (7). Nimeichekecha na kuichanganya na mchanga mkali wa mawe yasiyo na chokaa niliopewa na jirani.

Spora nimezisafisha kwanza. Mara ya kwanza nilimwaga kila kilichokuwemo kwenye bahasha, na takataka zile, vipande vya maganda ya spora, ndizo zinazoleta ukungu. Njia ni hii: mimina kwenye karatasi nyeupe laini, iinamishe kidogo, igongegonge chini kwa kidole. Takataka huteleza haraka, spora hubaki nyuma zimeng'ang'ania karatasi. Rudia mara tatu nne. Kinachobaki ni kidogo mno na utaona umeibiwa. Hujaibiwa. Zikipandwa zimebanana, prothali zinanyongana.

Trei A iko dirishani sebuleni. Trei B nimeiweka sakafuni bafuni chini ya taa kwa kukosa nafasi.

20 Machi 2022

Mioyo imejaa trei zote mbili tangu Januari, kijani safi, haina doa. Lakini ni mioyo tu. Wiki nane hakuna jani hata moja la kweli.

Kosa lilikuwa kwenye maji tena, ingawa si ya aina ile. Nimekuwa nikimwagilia kwa chini, nikiiweka trei kwenye beseni inyonye, ili nisivuruge uso. Uso ukabaki na unyevunyevu lakini bila maji. Na hapa ndipo makangaga yanapotofautiana na mahindi: mbegu ya kiume ya kangaga huogelea. Pasipo utando wa maji juu ya prothali haiwezi kufika kwa ya kike, na prothali zinakaa vile vile mpaka zichoke.

Dawa: chupa ya kupulizia, maji yaliyochemshwa na kupoa, napuliza kwa juu mpaka mioyo ing'ae, mara mbili kwa wiki.

22 Mei 2022

Vijani vya kwanza vya kweli, vinatokea kwenye pengo la moyo vikiwa vimejikunja. A ina kama ishirini, B kumi na nne. Sina la kuongeza, nina furaha tu.

21 Julai 2022

Juzi, tarehe 19, Uingereza ilivunja rekodi ya joto: nyuzi 40.3 huko Coningsby, Lincolnshire. Manchester haikufika hapo, lakini trei yenye kifuniko kwenye dirisha la jua haihitaji kufika. Nilikuwa kwenye zamu ya mchana. Niliporudi ndani ya trei A kulikuwa na mvuke kama wa sufuria ya ndizi, na vile ishirini vimelala chini, laini, rangi ya chai. Jana nilivipa kivuli na maji ya baridi, leo nimevitupa.

B, kule sakafuni bafuni kwenye vigae vya baridi, haina habari. Nafasi niliyoipa kwa dharau ndiyo iliyoiokoa.

Anayenakili kazi hii: Juni hadi Agosti ondoa trei dirishani kabisa. Hili ni kangaga la theluji.

28 Agosti 2022

Jana nilipanda Helvellyn kwa miguu kwenda kuliona likiwa kwao. Kilele ni mita 950. Marangu tunalala juu kuliko hapo. Lakini upepo ule sijawahi kuuona hata Mandara, kambi ya Kilimanjaro.

Liko kila mahali kwenye mawe, vishada vya kijani kibichi juu ya kijivu, kana kwamba mlima umepasuka na kijani ndiyo kinachovuja. Udongo huoni. Nilipoingiza kidole kati ya mawe nilikuta baridi na unyevu. Maji yanapita chini yake bila kusimama. Majani ni ya aina mbili kwenye shina moja: mapana yenye kuchanikachanika, ambayo hayazai, na membamba yaliyosimama, yenye kingo zilizojikunja kufunika spora. Jina la Cryptogramma limetoka hapo, kwa Kigiriki ni "mstari uliofichwa". Sikung'oa kitu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi, na hata isingekataza, lile lililozoea mlima halikubali kuhamishwa.

Nikarudi usiku, nikawasha taa ya bafuni, nikaitazama trei B kwa macho mapya. Kati ya kumi na nne, tisa si yangu.

Majani yake ni marefu, yamepangwa kama kitana, na mashina yana magamba ya kahawia. Ni makangaga ya kawaida, ya jamii ile inayoota kwenye ukuta wa uchochoro nyuma ya nyumba, yanayomwaga spora hewani kila kiangazi. Sijui kwa hakika yaliingilia wapi, lakini mfuko wa mboji ulikaa wazi uani wiki nzima mwezi Septemba, na safari ya pili niliimwagia mboji maji ya moto mara moja tu badala ya mara mbili. Miezi tisa nimelea watoto wa jirani.

Nimeyahamishia tisa hayo kwenye ndoo uani. Yananawiri kwa kiburi. Yangu ni matano, kila moja urefu wa kidole gumba.

30 Oktoba 2022

Kitanda cha mawe. Nimepata sinki kuukuu la kauri lililotupwa na mafundi mtaani, lenye kina cha sentimita 25 na tundu la maji chini. Ndani:

chini kabisa, sentimita 8 za vipande vikubwa vya sleti, mawe yanayopasuka bapa (mfuko mzima 9, vidogo nimevihifadhi kwa juu). Juu yake mchanganyiko wa fungu moja la mboji isiyo na chokaa (8) kwa mafungu matatu ya kokoto ndogo za granaiti (6). Juu kabisa, sentimita 4 za sleti iliyovunjikavunjika. Epuka kokoto za chokaa na vipande vya saruji; mafundi wa hapa hupenda kutupia saruji kila shimo.

Nilianza na nusu kwa nusu, mboji na kokoto, kwa sababu mkono wangu unajua shamba la kahawa na migomba, na samadi hapo huhesabiwi dhambi. Nikamwaga ndoo moja ya maji kupima: yalisimama juu dakika nzima. Kule Helvellyn hayakusimama. Nikabomoa, nikaanza upya.

Makangaga matatu yameingia sinkini, uani, upande wa kaskazini wa ukuta. Mawili nimeyaacha kwenye vyungu ndani ya nyumba kama akiba, nikiyaonea huruma.

18 Desemba 2022

Siku kumi za baridi kali. Maji yaliyosalia kwenye pipa yameganda juu kama kifuniko. Sinkini hakuna kilichobaki kwa juu, majani yameoza, mawe yana barafu. Nimesimama pale na koti na kujiona mwuaji. Mawili ya ndani ni ya kijani, yamerefuka, yanapendeza.

16 Aprili 2023

Yamepinduka yote niliyoyawaza Desemba.

La ndani moja limekufa, la pili limebaki na majani matatu membamba, marefu, yamejaa vidukari. Halikulala usingizi wake wa baridi, likachoka. Sinkini mawili yamechipua: vichwa vilivyojikunja kama konokono vinasukuma sleti pembeni, vingi kuliko nilivyopanda.

La tatu la sinkini limeoza, na ndilo lililonifunza. Halikuuawa na barafu. Lilikuwa kwenye kona ambako maji ya mvua hudondoka kutoka kwenye paa, na lilikuwa nimelipanda chini mno. Mlimani theluji ni blanketi kavu; chini yake mmea haulowi. Manchester majira ya baridi ni mvua, halafu mvua. Shina limelala miezi mitano kwenye tope.

Marekebisho: nimeyainua mawili yaliyobaki mpaka kitovu cha shina kiwe sawa na uso wa mawe, nikakizungushia vipande vya sleti vilivyosimama. Kuanzia Novemba hadi Machi kioo cha dirisha la zamani kitakaa juu ya sinki, kimeinuliwa kwa matofali manne ili upepo upite pande zote. La ndani, na vidukari vyake, nimelitoa nje. Chungu chake nimekichomeka karibu na sinki mpaka lipate nguvu.

10 Septemba 2023

Lile la chungu limelegea wakati udongo umelowa. Nimelivuta kidogo, likaja lote mkononi, karibu bila mizizi. Ndani ya udongo nimekuta mabuu saba, meupe, yamejikunja, kichwa cha kahawia. Ni watoto wa fukusi mweusi wa bustani, anayetaga kwenye vyungu. Mzazi hula kingo za majani usiku na mabuu hula mizizi. Dalili ya vipande vya nusu duara kwenye majani ya jirani niliiona tangu Julai, nikasema yake hayanihusu.

Dawa ya hapa ni nematodi, vijinyoo visivyoonekana kwa macho, vinavyouzwa kama unga wa kukorogea maji (13). Vinaingia ndani ya mabuu na kuyaua. Udongo uwe na joto la kutosha, aina niliyonunua inafanya kazi kuanzia nyuzi 5, na uwe na unyevu kabla na baada. Nimemwagia chungu, sinki, na ile ndoo ya makangaga ya jirani pia, maana ndiyo ghala la fukusi.

Mmea nimeufyeka majani yote isipokuwa mawili, nikaupanda sinkini kwenye nafasi ya marehemu, mbali na tone la paa.

7 Aprili 2024

Kioo kimeondolewa. Matatu yote yamechipua. Hata lile la chungu.

4 Agosti 2024

Majani ya kuzaa yametokea kwenye makangaga mawili makubwa, membamba, yamesimama katikati ya yale mapana. Nimesubiri kingo zilizojikunja zianze kugeuka kahawia. Ukikata mapema karatasi inabaki tupu, ukichelewa upepo umekutangulia. Asubuhi ya leo nimekata majani manne, nimeyalaza kwenye karatasi nyeupe, nimefunika kwa karatasi nyingine na kuweka juu ya kabati, mbali na dirisha.

Hesabu yote, ukiacha ada ya chama: 31 za London, pipa 35, vijikaratasi 8, mboji 7, kitanda cha mawe 23, nematodi 13. Jumla 117 kwa makangaga matatu, yaani 39 kila moja. Anayeanza upya leo aondoe pipa na mboji ya London, atabaki na 75, na kama maji ya bomba lake ni magumu basi pipa alirudishe kwenye hesabu, ndilo la kwanza kununua.

Nimempigia baba mdogo kumwonyesha. Amelitazama muda mrefu, simu ameisogeza karibu na uso.

"Ndilo hilo hilo tunalofyeka," akasema. Kisha: "Maji bado ni yale ya mfongo wa Wazungu?"

"Ndiyo, baba."

"Na zamu yako ni siku gani?"

6 Agosti 2024

Vumbi la manjano limeanguka kwenye karatasi, limechora umbo la jani. Nimelisafisha mara nne. Bahasha tatu: moja kwa chama, moja ya kupanda Novemba kwenye trei zile zile, moja kwenye friji. Mboji mpya ipo jikoni, mfuko umefungwa.